Kwa Nini Waandishi wa Programu Huchukia Baadhi ya Lugha za Kompyuta: Mifano Kutoka Mulago

Utangulizi

Mwalimu yeyote wa lugha amekwisha kukutana na mwanafunzi anayesema, "Lugha hii ni mbaya." Ukimwuliza ubaya wake uko wapi, mara nyingi hutaja mtihani, mwalimu wake wa zamani, au watu aliowasikia wakiizungumza. Ni mara chache sana atakapotaja sarufi. Sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tumeyasikia maneno hayo hata tumeyazoea. Jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu hawalijui ni kwamba wapo watu wengine wanaozisema lugha vibaya vivyo hivyo, tena kwa ukali kuliko wanafunzi wetu. Hao ni waandishi wa programu za kompyuta.

Makala hii inajaribu kueleza kwa nini watu hao huzichukia baadhi ya lugha wanazofanyia kazi. Tumechukua mifano yetu kutoka Mulago, kilima kinachotazamana na Makerere, kwa sababu mbili. Kwanza, katika hospitali kosa dogo la lugha laweza kumgusa mgonjwa. Pili, mifumo ya kompyuta inayotumika katika huduma za afya hapa Uganda ina historia inayoonyesha wazi jinsi lugha inavyopendwa, inavyorithiwa na inavyochukiwa. Hoja yetu ni kwamba chuki hiyo ina vyanzo vitatu, na kimoja tu kati ya hivyo kimo ndani ya lugha yenyewe. Anayevichanganya vyanzo hivyo atatoa dawa isiyolingana na ugonjwa.

Mulago na kazi ya kumbukumbu

Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913, na jengo lake kubwa likafunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Ni hospitali ya rufaa ya taifa, na ndiko wanafunzi wa udaktari wa Makerere wanakojifunzia kazi. Kwa miaka mingi kumbukumbu za wagonjwa ziliandikwa katika majalada na vitabu vya rejesta. Mwaka 2004 ulileta mabadiliko. Dawa za kupunguza makali ya VVU zilianza kutolewa bure katika vituo vya serikali, na Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, maarufu kwa jina la IDI, ikafunguliwa pale Mulago. Mgonjwa wa malaria hutibiwa akaenda zake. Anayeishi na VVU hurudi tena na tena kwa miaka, na kila mara lazima ijulikane alipewa dawa gani, kiasi gani, na atakiwe kurudi lini. Rafu za majalada hazikuweza kuubeba mzigo huo.

Kompyuta ndizo zilizotegemewa. Leo mfumo uitwao UgandaEMR hutunza kumbukumbu za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini. Uliendelezwa na mradi wa METS wa Skuli ya Afya ya Jamii ya Makerere, skuli ambayo kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Mulago. Mfumo huo umejengwa juu ya mwingine uitwao OpenMRS, ulioanza kutumika Eldoret, nchini Kenya, mwaka 2006. Kwa upande wa takwimu, Wizara ya Afya ilieneza mfumo wa DHIS2 katika wilaya zote mwaka 2012. OpenMRS na DHIS2 ziliandikwa hasa kwa lugha ya Java, na kurasa anazoziona muuguzi kwenye skrini hutegemea lugha ya JavaScript. Wasomaji wasidanganywe na majina. Lugha hizi mbili hufanana jina kuliko tabia.

Lugha ya kompyuta ni lugha ya namna gani?

Lugha ya kompyuta ni lugha iliyobuniwa na watu ili kuiamuru mashine. Msamiati wake wa msingi ni mdogo mno. Java, kwa mfano, ina maneno maalumu yapatayo hamsini tu. Mengine yote hubuniwa na mwandishi mwenyewe. Sarufi yake, kwa upande mwingine, haina huruma. Mtoto akisema "kiti zangu mbili", mama yake humwelewa na kumsahihisha. Mashine haielewi mpaka kila alama iwe mahali pake.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau. Maandishi ya programu husomwa na wasomaji wawili. Wa kwanza ni mashine, inayotekeleza kilichoandikwa bila kujali mwandishi alikusudia nini. Wa pili ni binadamu, yaani mwandishi mwingine atakayekuja baada ya miaka mitatu au kumi kurekebisha au kuongeza jambo. Lugha inaweza kumtosheleza msomaji wa kwanza huku ikimtesa wa pili. Malalamiko mengi ya waandishi wa programu hutoka kwa huyo wa pili.

Chanzo cha kwanza: sarufi yenye mitego

Tuanze na chuki yenye haki. Mfano wake mashuhuri ni lugha iliyozaliwa hospitalini. Kati ya miaka 1966 na 1967, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Marekani, iliundwa lugha ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa iliyoitwa MUMPS. Jina hilo ni ufupisho wa maneno marefu, lakini kwa Kiingereza ndilo pia jina la ugonjwa wa matumbwitumbwi, nao wanaoichukia lugha hiyo hawakuiachia nafasi hiyo ya kuifanyia mzaha.

Mifumo ya Uganda tuliyoitaja haikuandikwa kwa MUMPS, lakini tabia yake inafundisha. Chukua mgonjwa anayepewa vidonge 2 leo, kisha vidonge 3 kila siku kwa siku 4 zinazofuata. Mwanafunzi wa shule ya msingi anajua kwamba 2 + 3 × 4 ni 14, kwa kuwa kuzidisha hutangulia kujumlisha. MUMPS husoma kutoka kushoto kwenda kulia bila kujali kanuni hiyo. Hujumlisha 2 na 3, ikapata 5, ikazidisha kwa 4, ikatoa 20. Mwandishi asiyeweka mabano amemwongezea mgonjwa vidonge 6. Aidha, amri za lugha hiyo huweza kufupishwa hadi herufi moja. Herufi K ikiandikwa peke yake hufuta thamani zote ambazo programu imezishika kwa wakati huo. Ukurasa wa MUMPS huweza kuonekana kama mtu aliyemwaga sanduku la herufi mezani.

Je, waliobuni lugha hiyo walikuwa wazembe? Hapana. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana, na kila herufi iliyookolewa ilikuwa akiba. Ufupi uliosifiwa mwaka 1967 ndio uliolaumiwa baadaye, mashine zilipokuwa kubwa na msomaji wa pili akawa ndiye mwenye taabu. Mpaka leo mifumo mikubwa ya hospitali za Marekani ina mizizi yake katika lugha hiyo.

JavaScript nayo ina mitego yake. Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku kumi hivi, mwezi Mei 1995, na baadhi ya maamuzi ya siku hizo kumi tunaishi nayo hadi leo. Muuguzi akijaza tarakimu 5 katika fomu ya kompyuta, JavaScript huweza kuipokea kama maandishi, si kama hesabu. Programu ikiambiwa iongeze 3 juu yake, haitoi 8, bali huziunganisha tarakimu hizo na kutoa 53. Ikiambiwa iondoe 3, hapo inatambua kwamba ni hesabu, ikatoa 2. Alama ya kujumlisha ina maana mbili na alama ya kutoa ina moja, wala mashine haimwonyi mtu. Ikiwa namba hiyo ni miligramu za dawa, sisi sote tunaweza kuelewa kwa nini mwandishi anakereka.

Mtego mwingine utawavutia zaidi walimu wa Kiswahili, kwani unahusu kuhesabu. Katika JavaScript mwezi wa Januari huitwa 0, Februari 1, Machi 2, na kuendelea hivyo, ingawa siku za mwezi huanzia 1 kama kawaida. Tabia hii iliigwa kutoka Java ya mwaka 1995. Java yenyewe ilipata njia bora ya kuhesabu tarehe mwaka 2014. Mwandishi mgeni anayetaka mgonjwa arudi tarehe 5 Machi, akaandika 5 na 3, amempangia tarehe 5 Aprili. Kwa mgonjwa ambaye dawa zake zinamwishia Machi, kosa hilo si la sarufi tu.

Lakini tusiharakishe kucheka. Sisi pia tunayo hesabu inayomshangaza mgeni. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika Luganda, saa huhesabiwa tangu macheo, na saa mbili asubuhi ni wakati ambapo saa ya ukutani inaonyesha 8. Mtu aliyekulia katika hesabu hiyo haoni ugumu wowote. Hatari huzuka mpakani, pale hesabu mbili zinapokutana bila kuambizana, kwa mfano muuguzi anaposema "saa nne" kwa Kiswahili na mgeni akaandika 4 katika daftari. Kwa hiyo mitego mingi ya lugha ni mapatano ya watu wa ndani ambayo mtu wa nje hakuelezwa. Mwalimu mzuri huitaja mitego hiyo mapema badala ya kumwacha mwanafunzi aikanyage.

Chanzo cha pili: mzigo wa kurithi

Chanzo cha pili hakimo katika sarufi. Kimo katika historia ya kazi.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, kulianzishwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotumia programu ya Microsoft Access. Nchini Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, toleo la kwanza la DHIS lilijengwa pia juu ya Access pamoja na lugha ya Visual Basic. Zana hizo zilichaguliwa kwa sababu nzuri. Zilipatikana kirahisi, na mtu wa afya mwenye bidii aliweza kujifunza na kutengeneza kitu kinachofanya kazi bila kusomea kompyuta kwa miaka minne.

Taabu ilianza pale mifumo ya namna hii ilipofanikiwa. Faili moja la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na programu iliyobuniwa kwa meza moja huelemewa inapotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Ndiyo maana Eldoret walihamia OpenMRS, na DHIS ikaandikwa upya kwa Java kuwa DHIS2. Visual Basic 6, iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa na amri moja inayoiambia mashine ipuuze kosa lolote na kuendelea na mstari unaofuata. Mwandishi mwenye haraka aliiweka amri hiyo, programu ikaacha kulalamika, naye akaondoka ameridhika. Makosa yalibaki ndani kimya kimya. Aliyekuja baada yake ndiye aliyeyakuta.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inawafaa sana waandishi wa programu, ambao wenyewe huyaita makosa ya programu wadudu. Mtu anayerithi programu hulalia kitanda kilichotandikwa na mwingine. Hakuna maelezo, majina ya vitu yamefupishwa kwa namna aliyoielewa marehemu tu, na mwenye kuulizwa amehamia kazi nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia zana ya kuandikia Visual Basic 6 mwaka 2008, lakini programu zilizoandikwa kwayo hazikufutika siku hiyo.

Kuna takwimu inayolithibitisha jambo hili. Tovuti ya Stack Overflow, inayotumiwa na waandishi wa programu duniani kote, ilipowahoji mwaka 2018 ilitafuta, miongoni mwa watumiaji wa kila lugha, ni wangapi wasiotaka kuendelea nayo. Visual Basic 6 ndiyo iliyoongoza, ambapo karibu 90 katika kila 100 ya watumiaji wake walitaka kuiacha. Lugha iliyopendwa kuliko zote mwaka huo ilikuwa Rust, lugha changa ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2015. Tunaona tofauti ilivyo. Anayeandika Rust kwa kawaida ameichagua mwenyewe na kuanza kazi mpya. Anayeandika Visual Basic 6 mwaka 2018 ameachiwa kazi ya mtu mwingine. Kura hiyo ilipima lugha, lakini ilipima pia hali ya mtu anayeitumia.

Chanzo cha tatu: hadhi ya wasemaji

Chanzo cha tatu ni kile ambacho wanaisimu jamii wamekichunguza kwa muda mrefu, nacho ni hadhi. Mwaka 1964, Kemeny na Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walianzisha lugha ya BASIC ili wanafunzi wasiosoma sayansi nao waweze kutumia kompyuta. Hapo kabla, COBOL ilibuniwa kuanzia mwaka 1959 ili maagizo ya kazi za ofisini yasomeke kama sentensi za Kiingereza. Mwaka 1975, Edsger Dijkstra, mmoja wa wataalamu wakubwa wa sayansi ya kompyuta, aliandika kwamba kuwafundisha watu COBOL ni kuwalemaza akili, na kwamba aliyeanza na BASIC ni vigumu sana kumfundisha vizuri baadaye. Hukumu hiyo ilikuwa juu ya lugha, lakini iliwaangukia wasemaji wake, yaani makarani, wahasibu na wanafunzi wa kawaida.

Hali hii ipo hata leo. Karani wa hospitali anayetunga kanuni ndefu za kukokotoa takwimu katika Excel haitwi mwandishi wa programu, ingawa anachofanya ni kuiamuru mashine kwa lugha yenye sarufi. Java nayo husemwa kuwa ni lugha ya maneno mengi. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa siku ya kwanza alilazimika kuandika mistari mitano iliyojaa maneno asiyoyaelewa ili skrini imwamkie kwa neno moja. Lalamiko hilo lina ukweli. Hata hivyo, maneno hayo mengi yana kazi. Java hudai kila kitu kitajwe aina yake, na ikikuta maandishi mahali panapotakiwa namba, mara nyingi hukataa kabla programu haijaanza kutumika. Zaidi ya hayo, Java hufundishwa katika vyuo vingi, kwa hiyo mfumo ukiandikwa kwa lugha hiyo atapatikana kijana wa kuuendeleza hapa hapa. Kwa hospitali, hilo laweza kuwa na uzito kuliko uzuri wa sentensi.

Historia ya Kiswahili nchini Uganda inafanana sana na hiyo. Kiswahili kilitumika katika jeshi la KAR na katika polisi wakati wa ukoloni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka iliyofuata raia wengi walikisikia kwanza katika kizuizi cha barabarani. Mtu aliyesimamishwa pale hakuichukia ngeli ya KI-VI. Aliichukia bunduki iliyozungumza kwa lugha hiyo. Mwalimu anayemjibu mtu huyo kwa kusifu utajiri wa vitenzi vya Kiswahili anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Mafunzo kwa walimu na wanafunzi wa lugha

Ikiwa vyanzo ni vitatu, basi dawa nazo ni tatu. Palipo na mtego wa kweli wa sarufi, lugha yenyewe au mafundisho yake hurekebishwa. Waandishi wa JavaScript walipochoshwa na mkanganyiko wa namba na maandishi, lilitafutwa jibu la kusanifisha, na mwaka 2012 Microsoft ilitoa TypeScript, ambayo ni JavaScript iliyowekewa kanuni za kutaja aina za vitu. OpenMRS 3, toleo jipya la mfumo tuliouzungumzia, hutumia TypeScript katika kurasa zake. Lugha iliyodharauliwa haikutupwa, ilipangwa upya. Sisi ambao lugha yetu ilianza kusanifishwa rasmi kwa kuundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930 tunaelewa faida ya kazi hiyo, na tunaelewa pia ubishi wake.

Palipo na mzigo wa kurithi, dawa ni kumwandikia msomaji wa pili. Mwandishi mwema wa programu huacha maelezo, huvipa vitu majina yanayoeleweka, na hatumii ufupisho wa kujionyesha. Mwalimu wa Kiswahili naye anaweza kujiuliza kama maandalizi yake ya masomo yangemwezesha mwenzake kulichukua darasa lile lile muhula ujao.

Na palipo na suala la hadhi, hakuna kanuni ya sarufi itakayosaidia. Linalobadilisha hadhi ya lugha ni matumizi yake, yaani nani anaitumia, kwa kazi gani, na kwa heshima gani. Kwa Kiswahili, daktari anayemweleza mgonjwa kutoka Kongo masharti ya dawa zake pole pole, kwa lugha anayoielewa, anafanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Tunapendekeza kwamba mwanafunzi anaposema "lugha hii ni mbaya", mwalimu asikasirike wala asianze kuitetea. Amwulize maswali matatu. Je, kuna jambo ndani ya lugha linalokutatiza? Je, uliachiwa kazi ambayo hukuelezwa? Je, kuna mtu au tukio linalokujia akilini unapoisikia? Majibu yatamwonyesha mwalimu pa kuanzia.

Hitimisho

Tumeona kwamba MUMPS na JavaScript zina mitego ya kweli, kwamba Visual Basic 6 inabeba lawama nyingi za waandishi walioondoka bila kuacha maelezo, na kwamba BASIC na COBOL zilidharauliwa kwa kiasi fulani kwa sababu ya watu waliokusudiwa kuzitumia. Tumeona pia kwamba lugha yenye kulalamikiwa yaweza kuwa ndiyo inayoifaa kazi iliyopo.

Suala hili si la wataalamu wa kompyuta peke yao. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa uamuzi huo watoto wengi watakutana na Kiswahili bila kukichagua, kama kijana anayepewa programu ya zamani siku yake ya kwanza kazini. Kama watakipenda au watakichukia, kutategemea kwa sehemu kubwa kama mitego yake wameonyeshwa mapema, kama mwalimu aliyetangulia aliacha maandalizi yanayosomeka, na kama sauti ya kwanza wanayoisikia ikizungumza Kiswahili ni sauti ya mtu wanayependa kumsikiliza.